Marejeo 38,600 Yanapima Nini?

Oktoba 2014 jarida la Nature lilitoa orodha ya makala 100 za kisayansi zilizorejelewa kuliko zote katika Web of Science, hazina ambayo wakati huo ilikuwa na makala zipatazo milioni 58. Ili msomaji aone ukubwa wake, waandishi waliutumia mlima wetu. Ukichapa ukurasa wa kwanza tu wa kila makala na kuzipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, walieleza, rundo litafika karibu na kilele cha Kilimanjaro. Makala zilizorejelewa mara 1,000 au zaidi zitakuwa mita moja na nusu ya juu kabisa, na zilizopita mara 10,000 ni sentimita moja na nusu tu. Karibu nusu ya mlima, kuanzia chini, ni makala zilizorejelewa mara moja au ambazo hazikuwahi kurejelewa na yeyote.

Kwenye sentimita hiyo moja na nusu watakwimu wapo, tena mahali pa juu. Nafasi ya kwanza ilishikwa na makala ya 1951 ya Oliver Lowry na wenzake kuhusu kupima protini, yenye marejeo zaidi ya 305,000. Ya 11 ilikuwa ya Edward Kaplan na Paul Meier, ya mwaka 1958, marejeo 38,600. Ya 24 ilikuwa ya David Cox, ya 1972, zaidi ya 28,000. Ya 29 ilikuwa ya Martin Bland na Douglas Altman, ya 1986, zaidi ya 23,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953, iliyofichua umbo la DNA, haikuingia kwenye mia hiyo.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba njia ya Bland na Altman ya kulinganisha vipimo viwili vya pumzi ni kubwa kuliko ugunduzi wa umbo la DNA. Lakini hesabu hiyohiyo ya marejeo ndiyo inayotumiwa leo kumpandisha mtakwimu cheo, kumnyima ruzuku, kumwita bingwa au kumsahau. Kwa hiyo swali ni la haki na linahitaji jibu la haki: marejeo ya mtakwimu yanapima nini? Msimamo wangu ni kwamba kwa sehemu kubwa yanapima wingi wa kazi za watu wengine zinazopitia kwenye chombo alichokiunda. Wingi huo unategemea fani iliyokichukua chombo, wakati kilipotokea, na nani aliyekiingiza kwenye programu ya kompyuta. Kina cha fikra na ugumu wa kazi vimo humo, ila ni sehemu ndogo ya hesabu kuliko tunavyojiaminisha.

Kisa cha Kaplan na Meier kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kaplan alikuwa Bell Laboratories, Marekani, akitafuta namna ya kukadiria umri wa valvu za elektroniki zinazofungwa kwenye nyaya za simu za chini ya bahari. Meier alikuwa upande wa tiba, akishughulika na wagonjwa wanaofuatiliwa kwa miaka. Wote wawili walikuwa wamepitia Princeton, kwa mtakwimu John Tukey, na kila mmoja aliandika makala yake peke yake na kuituma kwenye jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Mhariri alipoona zinafanana aliwaomba waziunganishe. Waliandikiana barua kwa miaka, wakihofu kwamba mtu mwingine angewatangulia, mpaka makala ikatoka 1958.

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa mfano mdogo nilioutunga. Kliniki inawafuatilia wagonjwa 10 walioanza dawa siku moja. Mwezi wa tatu mmoja anafariki. Mwezi wa tano wawili wanahama mji na hawaonekani tena. Mwezi wa nane anafariki mwingine. Je, ni asilimia ngapi wanaovuka mwezi wa nane wakiwa hai? Ukiwafuta waliohama, utasema wagonjwa walikuwa 8 na wamebaki 6, yaani 75%. Ukiwahesabu kuwa wazima, utasema 80%. Kaplan na Meier walifanya hivi: mwezi wa tatu walikuwepo 10, wakapona 9, kwa hiyo 9/10. Mwezi wa nane waliobaki chini ya uangalizi walikuwa 7, wakapona 6, kwa hiyo 6/7. Zidisha hizo mbili, unapata 77%. Waliohama wamechangia ushahidi wao kwa muda wote walioonekana, na baada ya hapo hawasingiziwi uhai wala kifo.

Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Uzito wake uko kwenye uthibitisho kwamba kuzidisha huko ndiko kukadiria kulikosimama juu ya misingi, na huo ndio uliojaza kurasa za makala. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi watu wachache tu waliirejelea. Ilianza kupanda miaka ya 1970, majaribio ya tiba ya saratani yalipoongezeka na kompyuta zilipoingia hospitalini. Kati ya 1958 na 1975 hakuna neno hata moja lililobadilika ndani ya makala ile. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokuwa na tatizo la aina ile na mashine ya kulitatua.

David Cox ni habari nyingine, kwa sababu huyu alikuwa mwandishi wa maisha yote. Alizaliwa Birmingham mwaka 1924, akafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege Farnborough wakati wa vita, kisha kwenye taasisi ya utafiti wa sufu huko Leeds, na baadaye Cambridge, Birkbeck, Imperial College na Oxford. Alikuwa mhariri wa jarida la Biometrika kuanzia 1966 hadi 1991. Alipofariki Januari 2022 alikuwa ameacha makala na vitabu zaidi ya 300. Mwaka 2017 alikabidhiwa Tuzo ya Kimataifa ya Takwimu, akiwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea.

Makala ya 1972 aliisoma mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza mwezi Machi mwaka huo, na kama desturi ya chama hicho, waliohudhuria waliijadili na majadiliano yakachapishwa pamoja nayo. Wazo lake lilikuwa kwamba unaweza kulinganisha hatari ya makundi mawili, tuseme waliopata dawa na wasiopata, bila kujua hatari yenyewe inapandaje na kushukaje kadiri siku zinavyokwenda. Unalazimika kukubali jambo moja tu: uwiano wa hatari za makundi hayo haubadiliki kwa wakati. Katika majadiliano yale Norman Breslow alichangia maelezo mafupi ya namna ya kuikadiria ile hatari ya msingi ambayo Cox aliiacha pembeni. Mpaka leo kikadirio hicho kina jina la Breslow na kimo ndani ya programu zinazotumiwa dunia nzima. Lakini mchango wa majadiliano hauhesabiwi kama makala. Mtu anayekusanya machapisho ya Breslow kwa mashine anaweza kulipita jambo hilo kabisa.

Na Cox mwenyewe aliithaminije kazi iliyompa marejeo mengi kiasi hicho? Katika mazungumzo yake marefu na mtakwimu mwenzake Nancy Reid, yaliyochapishwa miaka ya 1990, alisema kwamba yeye, kwa kawaida, angependelea kuikabili data ya aina hiyo kwa modeli kamili inayotaja umbo la hatari yenyewe. Yaani mwenye njia hakuwa mtumiaji wake mkuu. Sijui ushahidi mzito kuliko huo wa kuonyesha kwamba hesabu ya marejeo inaeleza haja ya watumiaji kuliko uamuzi wa aliyebuni. Katika orodha yake yamo mambo ambayo watakwimu wengi wanayaona kuwa na kina kuliko hilo: makala ya 1955 iliyozaa kile kinachoitwa mchakato wa Cox, kazi ya 1958 juu ya majibu ya ndiyo na hapana, na ile ya 1975 iliyoeleza kwa nini hesabu ya 1972 ni halali. Hii ya mwisho ndiyo msingi wa ile ya 1972, lakini daktari anayetafuta cha kurejelea haihitaji.

Bland na Altman waliona tatizo ambalo ni rahisi mno, na nadhani urahisi huo ndio ulioifanya kazi yao iwe ya lazima. Madaktari walikuwa wakilinganisha kipimo kipya na cha zamani kwa kutumia kizigeu cha uhusiano. Ukiwa na mizani mbili, moja ikizidisha kilo 2 kila mara, kizigeu hicho kitakuambia uhusiano ni kamili, 1 bila pungufu, ilhali mizani hizo hazikubaliani hata mara moja. Walipendekeza uchukue tofauti ya vipimo viwili kwa kila mtu, uichore dhidi ya wastani wake, kisha uone tofauti hizo zinatapakaa kwa kiasi gani. Mfano wao ulitumia vipimo viwili vya nguvu ya pumzi, na watu waliopimwa walikuwa 17, wafanyakazi wenzake Bland na watu wa familia yake. Hakukuwa na ruzuku kubwa wala maabara. Kurasa nne ndani ya Lancet.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba wazo hilo walikwisha kulichapisha 1983, katika jarida la watakwimu liitwalo The Statistician, kwa urefu na kwa uangalifu zaidi. Huko jina la Altman lilitangulia. Makala ya 1983 ilisomwa na watakwimu, ya 1986 ikasomwa na madaktari, na kwa sababu hiyo mchoro ule duniani kote unaitwa wa Bland na Altman. Waandishi ni walewale na wazo ni lilelile, ila mlango uliofunguliwa ulikuwa mwingine, na hesabu ikaenda mbali kabisa. Tukey naye alikuwa amechora tofauti dhidi ya wastani kabla yao. Stephen Stigler wa Chicago aliandika mwaka 1980 kwamba hakuna ugunduzi unaoitwa kwa jina la aliyegundua kwanza, na akakiri kwamba hata kanuni hiyo, inayobeba jina lake, ni ya mwanasosholojia Robert Merton.

Tuzungumzie ucheleweshaji, kwa kuwa hapa ndipo wanaotathmini watakwimu vijana wanapowaumiza zaidi. Yoav Benjamini na Yosef Hochberg wa Tel Aviv waliandika namna ya kudhibiti sehemu ya ugunduzi wa uongo pale unapofanya majaribio mengi kwa pamoja. Makala yao ilikataliwa na kuzungushwa kwa miaka kabla ya kutoka 1995. Wakati huo ilionekana ni suluhisho la tatizo ambalo watu wachache walikuwa nalo. Kisha zikaja teknolojia za kupima maelfu ya jeni kwa mkupuo, na kila maabara ikajikuta na tatizo hilo kila siku. Robert Tibshirani naye alichapisha 1996 njia yake ya kuchagua vigezo, iitwayo lasso, na kama alivyoeleza mwenyewe miaka 15 baadaye, mwanzoni haikuleta mshindo. Ilipata nguvu baada ya 2002 hivi, kompyuta zilipokuwa na kasi na data zilipokuwa na vigezo vingi kuliko watu. Kamati ambayo ingempima Benjamini mwaka 1998 kwa marejeo ya makala ile ingeona kazi ya kawaida tu.

Sasa linganisha na kigezo cha majarida kinachojulikana kama impact factor, ambacho huhesabu marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2008 Robert Adler, John Ewing na Peter Taylor waliandika ripoti kwa niaba ya Muungano wa Kimataifa wa Hisabati pamoja na vyama viwili vingine, kimoja cha hisabati tumizi na kingine cha takwimu. Walionyesha kwamba katika hisabati takriban 90% ya marejeo huangukia nje ya dirisha hilo la miaka miwili. Humo mna mfano mmoja ambao natamani kila mjumbe wa kamati ya vyeo aujue. Majarida mawili ya Chama cha Hisabati cha Marekani yalikuwa na vigezo vya 0.434 na 0.846, moja karibu mara mbili ya lingine. Ukichukua makala moja kwa bahati nasibu kutoka jarida la chini na moja kutoka la juu, ipi itakuwa na marejeo mengi? Uwezekano kwamba ile ya jarida la chini itakuwa na marejeo sawa au zaidi ulikuwa 62%. Sababu ni kwamba makala nyingi katika majarida yote mawili hazikurejelewa kabisa ndani ya kipindi hicho, na wastani wa kila moja ulibebwa na makala chache. Anayesema makala fulani ni bora kwa sababu tu imetoka kwenye jarida la 0.846 amekosea mara nyingi kuliko alivyopatia.

Kipimo cha h kina sifa zake na aibu zake. Kilipendekezwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mtu ana h ya 20 kama ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kinapendwa kwa sababu ni namba moja. Lakini mwaka 2014 Alexander Yong alionyesha kwamba kwa watafiti wengi h haiendi mbali na kipeuo cha pili cha jumla ya marejeo kikizidishwa kwa 0.54. Mwenye marejeo 2,500 atakuwa na h ya karibu 27, mwenye 10,000 karibu 54. Kwa hiyo mara nyingi h inaturudishia jumla ileile ikiwa imevaa nguo nyingine. Pale inapotofautiana na jumla ndipo inapodhulumu: marejeo 38,600 ya Kaplan na Meier yanaongeza kwenye h ya kila mmoja wao pointi moja tu. Kaplan, aliyemalizia kazi yake akifundisha hisabati Oregon State, angepitwa kwa h na watafiti wengi ambao hakuna mtu anayetumia kazi yao. Kwa upande wa pili yuko Peter Hall wa Australia, aliyefariki 2016 akiwa na makala zaidi ya 500, nyingi zikiwa za nadharia nzito inayosomwa na watakwimu wenzake. Ukitaka kuwapanga wawili hawa kwenye mstari mmoja kwa namba yoyote ile, umekwisha kuamua mapema ni kazi ya aina gani unayoithamini.

Tena kuna kazi ambazo hufaulu mpaka zinatoweka kwenye hesabu. William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student njia ya kupima wastani kwa sampuli ndogo. Jaribio la t lililotokana nayo linafanywa kila siku Nairobi, Dodoma na Bujumbura, na ni nadra kuona makala inayotaja Biometrika ya 1908 kwenye orodha ya marejeo. Vivyo hivyo kwa Ronald Fisher na uchanganuzi wa tofauti. Merton alilieleza jambo hili: wazo likishaingia kwenye maarifa ya wote, chanzo chake hufutika. Na upande wa pili kuna marejeo yasiyotokana na kusoma. Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury walifuatilia mwaka 2003 jinsi makosa ya uchapaji kwenye marejeo yanavyonakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine, wakakadiria kwamba ni kama mtu mmoja kati ya watano wanaorejelea makala ndiye aliyeisoma. Makadirio hayo yanajadilika, lakini makosa yaliyonakiliwa yapo na yanaonekana kwa macho.

Watakwimu wenyewe wamejaribu kuzisoma namba hizi kwa uangalifu wa fani yao. Cristiano Varin, Manuela Cattelan na David Firth walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa majarida 47 ya takwimu. Waliyachukulia marejeo kati ya kila majarida mawili kama pambano, wakatumia modeli ya Bradley na Terry ya mwaka 1952, na muhimu zaidi wakaweka ukingo wa makosa kwenye kila nafasi. Mfululizo B wa jarida la Chama cha Kifalme ulitokea juu. Lakini majarida mengi ya katikati yaliingiliana kiasi kwamba kuyapanga la 15 na la 25 ni kujidanganya. Harvey Goldstein na David Spiegelhalter walikwisha kuonya jambo hilohilo mwaka 1996 kuhusu orodha za shule na hospitali: nafasi kwenye orodha bila kipimo cha mashaka yake haimsaidii mzazi wala mgonjwa. Inashangaza kwamba ulimwengu unaowaomba watakwimu ukingo wa makosa kwa kila kura ya maoni unawapima watakwimu haohao bila ukingo wowote.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania hupandisha wahadhiri kwa pointi za machapisho, na kila mwaka inapotoka ile orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaorejelewa zaidi, iliyoandaliwa na John Ioannidis na wenzake kwa data za Scopus, kurasa za vyuo hujaa picha za pongezi. Orodha hiyo ni bora kuliko nyingi, kwa sababu inajaribu kusahihisha idadi ya waandishi wenza na hutenganisha fani. Pongezi ni za haki. Ila tuangalie ni kazi ya aina gani mtakwimu wa hapa anafanya, ndipo tuone orodha inakamata nini.

Mwaka 1995 Lancet ilichapisha matokeo ya jaribio la Mwanza, lililouliza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vijijini kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa ili wafuatiliwe kwa miaka miwili. Maambukizi mapya yalikuwa 1.2% kwenye jamii zilizoboreshewa tiba na 1.9% kwenye zile nyingine, punguzo la takriban 40%. Anayeona watu 12,000 anadhani sampuli ni kubwa. Mtakwimu anaona jamii 12, zilizopangwa kwa jozi 6, kwa sababu watu wa kijiji kimoja hufanana kwa mengi na huambukizana wenyewe kwa wenyewe. Jaribio zima lilisimama juu ya jozi hizo 6, na kama zingechaguliwa vibaya hakuna hesabu ambayo ingeliokoa. Jina la mtakwimu Richard Hayes liko mwisho wa orodha ya waandishi, nafasi ya heshima katika makala za tiba. Miaka minne baadaye yeye na Steve Bennett walichapisha njia nyepesi ya kukadiria idadi ya jamii zinazohitajika katika majaribio ya namna hii, makala ambayo wapangaji wa majaribio wanaitegemea hadi sasa.

Sio watakwimu wengi wanaopata nafasi ya mwisho kwenye orodha. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilihusisha watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi 7, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa. Matokeo ya kwanza, mwaka 2011, yalisema kwamba kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 chanjo ilipunguza malaria kwa 55.8% ndani ya mwaka mmoja. Namba hiyo imetoka kwa Cox: uwiano wa hatari ulikuwa kama 0.44, toa kwenye 1. Watu waliosafisha data za watoto hao, waliokagua tarehe zisizolingana na kujua ni mtoto gani alihama na lini, ndio walioifanya 55.8 iaminike. Wengine wamo katikati ya majina mengi, ambako kamati ya vyeo hutoa pointi kidogo. Wengine wametajwa kwenye shukrani. Wengine hawakutajwa.

Zaidi yao wapo watakwimu wa serikali. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Namba hiyo hutajwa bungeni, kwenye mipango ya maji na madarasa, kwenye tafiti za vyuo vya ndani na nje. Nyuma yake kuna ramani za maeneo ya kuhesabia, dodoso lililojaribiwa na kurekebishwa, mafunzo kwa makarani yaliyotolewa kwa Kiswahili, na makadirio ya waliosahauliwa. Kwa Web of Science wafanyakazi hao ni kama hawapo. Mimi naamini kwamba mwongozo mzuri wa makarani ni kazi ya kitakwimu yenye hadhi, na taifa lisiloihesabu linawafundisha vijana wake bora wakimbilie makala za kugawanyagawanya matokeo, kwa sababu hizo ndizo zenye pointi.

Azimio la San Francisco la 2012 na Ilani ya Leiden ya 2015, yote kuhusu kutathmini utafiti, yameshasema kwamba namba zisaidie hukumu ya wasomi, zisichukue nafasi yake. Vyuo vingi vinakubali kwa mdomo. Kwa mtakwimu anayeomba uprofesa mshiriki, kukubali kwa vitendo kungekuwa hivi. Kamati imwombe achague kazi tatu, iwe makala, programu, mwongozo au muundo wa jaribio, na aeleze kwa ukurasa mmoja alifanya nini humo na nini kingeharibika asingekuwepo. Wanakamati wazisome, angalau mmoja wao akiwa mtakwimu. Jumla ya marejeo iwekwe pembeni ikiwa imelinganishwa na watu wa tawi lake na umri wake wa kazi, kwa sababu mtu wa nadharia na mtu wa majaribio ya tiba hawavuni shamba moja. Waulizwe watumiaji pia: daktari wa Korogwe, ofisa mipango wa halmashauri, mhandisi wa maji. Kusoma kazi tatu za mtu kwa makini kunachukua siku mbili, tofauti na dakika mbili za kufungua ukurasa wake wa Google Scholar, na siku hizo ziingizwe kwenye ratiba ya kamati na kulipiwa kama kazi nyingine yoyote ya chuo.